Nusu ya Mzizi

Asubuhi hiyo Fusae aliwasha jiko, akaosha mchele, na yale maji ya kwanza meupe akayaweka kwenye beseni badala ya kuyamwaga. Hakuwa anafikiri. Alikuwa na usingizi, mgongo ulimuuma kutokana na zamu ya jana kwenye kiwanda cha wanga wa viazi, na alikuwa anajiuliza kama samaki wa chumvi aliyebaki angetosha kisanduku cha chakula cha binti yake. Mikono ilifanya ilichozoea.

Nje kulikuwa kumeanguka jivu. Mlima wa ng'ambo ya ghuba ulikohoa usiku kucha kama kawaida yake, na sasa kijiji chote cha Kuwano kilikuwa kijivu: mapaa, baiskeli, nguo alizosahau kuanua. Fusae alichukua beseni, akazunguka hadi upande wa kaskazini wa nyumba, ule upande wa baridi ambao jua haliufikii hata kiangazi. Hapo ndipo palipokuwa na harani.

Harani haina shina. Ni majani tu, mapana, ya kijani kizito, kila moja limechomoka ardhini peke yake kama panga lililosimikwa. Haiombi jua wala mbolea. Baridi haiiui, kiu haiiui. Kila nyumba pale kijijini ilikuwa na kichaka chake kivulini, maana jani la harani ndilo linalowekwa kati ya samaki na wali ili ladha zisichanganyike, ingawa siku hizo wanawake wengi walishaanza kununua vijani vya plastiki. Ukiwa nayo una kazi moja tu: kuifuta jivu. Jivu likikaa, jani linashindwa kupumua.

Na kwa wiki tatu Fusae hakuwa ameifuta. Zamu zilikuwa nyingi, mumewe Isao alikuwa mbali kwenye kazi za ujenzi Osaka, na mama mkwe aliyekuwa akimsimamia alikuwa ameshakufa karibu mwaka mmoja uliopita. Alitarajia kukuta majani yamegeuka kama bati.

Yalikuwa yanang'aa.

Alisimama na beseni lake. Ukuta ulikuwa na jivu. Mawe yalikuwa na jivu. Majani yote ya harani, mpaka yale ya ndani kabisa, yalikuwa safi, na yalinuka maji ya mchele.

Alirudi mlango wa nyuma. Kwenye msumari pale mlangoni kilining'inia kitambaa cha marehemu mama mkwe, kipande cha kimono chake cha zamani cha pamba ya buluu, alichokitenga kwa kazi hiyo tu. Fusae alikigusa. Kilikuwa kimelowa.

"Sayo!" aliita. "Ni wewe uliyefuta majani ya bibi?"

Binti yake wa miaka minane alitokea akiwa na kiatu kimoja. "Mimi? Mimi hata meno yangu sijafuta."

"Basi nani? Paka?"

"Inawezekana. Wewe mwenyewe ulisema paka ana adabu kunishinda."

Fusae alimpiga kofi dogo la begani na kumpa kisanduku chake cha chakula. Mtoto akakimbia kwenda shule. Miguu yake iliacha alama kwenye jivu mpaka kona ya barabara, na Fusae alizitazama alama zile kwa muda bila kujua kwa nini anazitazama.

"Harani yenu inaendeleaje, Mama Sayo?"

Alikuwa Bibi Tokue, jirani wa chini, amesimama nje ya uzio na fagio mkononi. Ana tabasamu la kudumu mwanamke yule, kama limeshonewa.

"Inaendelea," alisema Fusae. "Wewe ndiye uliyeifuta?"

"Mimi? Nitaingiaje uani kwa watu?" Bibi Tokue alicheka kwa pua. "Ila mnaitunza vizuri. Itunzeni hivyo hivyo. Msiiache."

Akaondoka akifagia. Fusae alibaki akikumbuka jambo ambalo alikuwa amelikataa kwa miaka saba.

Miaka saba nyuma, mume wa Bibi Tokue, Mzee Kanjiro, alikuwa kitandani. Miezi tisa alilala, miguu imekufa, madaktari wameshindwa. Wakati huo mama mkwe wa Fusae, Bi Yone, alikuwa mzima kabisa, isipokuwa wiki moja alishikwa na mafua akajilaza. Siku hiyo hiyo Bibi Tokue alifika mlangoni na chungu cha harani, akainama mpaka chini, akasema ni shukrani ya viazi walivyopewa msimu uliopita.

Fusae alishtuka. Mgonjwa hapelekewi mmea wenye mizizi. Unampelekea maua yaliyokatwa, matunda, hata mayai, lakini kitu chenye mizizi humpelekei, kwa sababu ugonjwa nao utashika mizizi pale alipolala. Hilo wanalijua mpaka watoto wa umri wa Sayo.

"Loo!" Bibi Tokue alisema, mkono mdomoni. "Yone unaumwa? Sikujua kabisa!"

Lakini zawadi ilikuwa imeshapokelewa, ikapandwa kando ya ukuta wa kaskazini. Wiki iliyofuata Mzee Kanjiro alionekana barabarani, anaendesha baiskeli. Bi Yone hakuinuka tena. Alilala miaka sita katika chumba cha kaskazini, na ni Fusae aliyemgeuza, aliyemlisha, aliyemwosha. Na kila wiki kutoka kitandani alisikiliza kama majani yanafutwa.

"Ukiutunza mzizi, unatulia," alikuwa akisema. "Usipoutunza utatafuta mahali pengine pa kulala." Na siku za mwisho, kwa sauti ya kunong'ona: "Mrudishie Tokue mzizi wake. Wote. Usiache hata kipande cha kidole."

"Lala, mama," Fusae alikuwa akijibu. Alikuwa amechoka. Wagonjwa wa muda mrefu husema mengi.

Alipokufa, chumba cha kaskazini kilikaa wazi miezi kumi. Kisha majira ya mvua yakaja na joto lake, na kwa kuwa ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote, Fusae alimhamishia Sayo.

Siku mbili baada ya ile asubuhi ya majani safi, Sayo hakuamka kwenda shule.

Fusae aliingia na kumvuta shuka. "Inuka. Leo siko katika hali ya michezo."

"Mama," alisema Sayo, macho wazi, "mimi nimeamka. Miguu ndiyo imelala."

Alimbana kidole gumba cha mguu. Mtoto hakusikia. Alimfinya paja kwa kucha mpaka ikabaki alama. Mtoto alimtazama tu, akingoja aambiwe ni mchezo gani.

Daktari wa bondeni alikuja na mkoba, akagonga magoti, akamulika macho. Akasema labda homa ya mishipa. Labda uchovu. Tusubiri. Alipokuwa akivaa viatu alisema, "Si ndicho chumba alicholala bibi yake?" kisha akafungua mwavuli haraka kama mtu anayejuta kuuliza.

Fusae aliomba ruhusa kiwandani. Alimgeuza mtoto kila saa mbili, kama alivyojua. Ilimchukiza jinsi alivyojua.

Siku ya nne, akibadilisha matandiko, aliona kitu kati ya mkeka na mkeka. Ile mikeka minene ya majani makavu hupangwa ikibanana sana, hata sindano haipiti. Hapo, karibu na mto wa Sayo, kilikuwa kimechomoza kitu cha kijani. Kirefu kama kidole. Kimejiviringisha na kuchongoka.

Jani changa la harani.

Alileta mkasi, akalikata. Kesho yake yalikuwa mawili.

Hakupiga kelele. Alitoka nje kwenye mvua, akapiga magoti kando ya ukuta wa kaskazini na kufukua majani makavu yaliyooza chini ya kichaka. Harani ina maua ambayo watu wengi hawajawahi kuyaona, kwa kuwa hayapandi juu. Huchanua usawa wa udongo, gizani, ya zambarau iliyokolea, mviringo, yamefunguka kama midomo. Msimu wake huwa umeshapita mvua zinapoanza. Fusae aliyakuta yamechanua mapya. Yalikuwa mengi, yamesongamana upande mmoja tu.

Yote yameelekea nyumbani.

Na majani juu yake yalikuwa yamefutwa. Jivu la asubuhi lilikuwa kila mahali isipokuwa pale. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuutuliza. Fusae aliangalia kule kwenye msumari, kitambaa kikidondosha tone moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema kwa sauti, "Basi nimeelewa, mama."

Alasiri hiyo Bibi Tokue alikuja kumpa pole. Alileta matunda kwenye kikapu.

"Masikini mtoto wa watu. Hawezi hata kukaa?"

"Hawezi."

"Atapona. Watoto ni wagumu." Alinyoosha shingo, akichungulia chumba cha kaskazini kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo. "Na harani?"

"Mbona huulizi mtoto anakula nini? Unauliza harani."

Tabasamu halikusogea. "Si nauliza tu, Mama Sayo. Kwani kuna ubaya?"

Alipoondoka, Fusae alichukua jembe.

Sasa hapa lazima ieleweke jambo moja kuhusu watu wa Kuwano. Hakuna zawadi inayokaa bure. Ukipewa kitu unarudisha kitu, na kipimo chake ni nusu: ukipewa tikiti maji unarudisha thamani ya nusu tikiti. Ukirudisha zaidi, umemdharau mwenzako. Na ukimrudishia mtu zawadi yake yenyewe, nzima, kama alivyoileta, umemtamkia kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yake na yako hazijuani. Hakuna anayefanya hivyo. Mashamba ya mpunga yanagawana mfereji mmoja. Nani angefungua maji yafike kwa Fusae, mwanamke peke yake, mume Osaka?

Alisimama juu ya kichaka na jembe, akakumbuka maneno ya Bi Yone. Wote. Aliyakumbuka vizuri sana. Kisha akafikiria mfereji, na mkutano wa kijiji, na midomo ya watu.

Akaukata mzizi katikati.

Mizizi ya harani hutambaa chini ya udongo kama vidole vyenye vifundo. Alichimbua nusu, akaipanda kwenye chungu kizuri, akakifunga kwa kitambaa cha zawadi cha zambarau, akafunga fundo la heshima juu. Akashuka kwa jirani.

Mzee Kanjiro alikuwa uani akinoa mundu. Miaka themanini na moja, mikono kama kamba. "Mama Sayo! Umetuletea nini, pombe?"

"Si pombe, babu. Shukrani ndogo ya zamani. Nimechelewa sana kuirudisha."

Bibi Tokue alitoka mlangoni. Aliliona umbo la chungu ndani ya kitambaa, na ncha moja ya jani iliyochungulia, na rangi yote ikamtoka usoni. Lakini mumewe alikuwa anatazama, na mke wa jirani mwingine alikuwa anapita barabarani na kapu la vitunguu. Bibi Tokue aliinama. Fusae naye aliinama. Chungu kikahama kutoka mikono hadi mikono.

"Hukupaswa kujisumbua," alinong'ona Bibi Tokue.

"Nilipaswa," alinong'ona Fusae.

Asubuhi Sayo alipiga kelele, na Fusae alimwaga supu kwa kukimbia. Mtoto alikuwa amekaa. Mguu wa kulia ulikuwa unacheza hewani.

"Ona! Ona, mama! Huyu ameamka!"

"Na mwingine?"

Sayo aliutazama wa kushoto. "Huyu mvivu. Bado."

Kabla ya saa sita habari zilifika kupitia kwa yule mwanamke wa vitunguu: Mzee Kanjiro ameanguka akitoka kitandani. Mguu wa kulia umekufa kabisa. Wa kushoto hauna neno.

Fusae alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akahesabu kwa vidole kama mtoto. Nyumba mbili, watu wawili, miguu miwili inayotembea. Nusu kwa nusu. Ugonjwa ulikuwa umegawanywa kwa haki.

Aliogopa haki hiyo kuliko alivyoogopa jani kwenye mkeka.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Fusae alikuwa na mtoto begani na chungu cha uji jikoni. Alifungua. Bibi Tokue aliinama, akanyoosha mikono yote miwili, na Fusae, kabla akili haijafika, akainama, akanyoosha yake. Ndivyo alivyolelewa. Mtu akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, unapokea.

Kitambaa cha kijani. Fundo la heshima. Kizito kwa chini.

"Mlituletea zawadi kubwa mno," alisema Bibi Tokue. Jasho lilikuwa juu ya mdomo wake. "Tunaona aibu. Hii ni kidogo tu. Nusu yake."

Mlango ulifungwa. Kichekesho ni kwamba Fusae hata alisema asante.

Begani kwake Sayo alisema, "Mama. Vidole vyangu."

"Vipi?"

"Vya huyu mzuri. Vinaondoka."

Ilipofika jioni mguu wa kulia ulikuwa umekufa hadi gotini. Chini ya mkeka kitu kilikwaruza taratibu. Kama kucha. Kama mtu anayegeuka usingizini.

Fusae alikaa mpaka taa ikaisha mafuta, akipiga hesabu yake. Akirudisha nusu ya hii, wao watarudisha nusu ya ile. Halafu yeye. Halafu wao. Kwa adabu zote, kwa vitambaa safi. Mpaka mmoja wao aishiwe na mtu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kijiji kusafisha mfereji. Tangu alfajiri Fusae alifanya kazi. Aliinua mikeka ya chumba cha kaskazini, akang'oa mbao za sakafu kwa nyundo. Chini kulikuwa na mtandao mweupe wa mizizi, umekuja kutoka ukutani, umejikusanya mahali pamoja pekee, na mahali hapo palikuwa na umbo la mtu aliyelala. Mtu mfupi.

Aliung'oa wote, na kile kichaka cha nje pia. Alipekua udongo kwa mikono, bonge kwa bonge, akichekecha kwenye chekecheo la unga. Kifundo hiki. Kipande hiki. Kile chungu cha zawadi. Kucha mbili zilikatika. Hakuacha, mpaka saa sita ilipokaribia na hakukuwa na kitu tena isipokuwa udongo.

Akaweka vyote kwenye toroli. Hakufunga kitambaa. Alishuka barabarani wazi, gurudumu likipiga kelele, na watu waliokuwa mferejini waliacha majembe yao mmoja mmoja.

"Mama Sayo, unahama?" mmoja alitania. Hakuna aliyecheka.

Alisimama mlangoni kwa Bibi Tokue, akapindua toroli. Udongo, majani, mizizi, vyote vilimwagika kizingitini.

"Nakurudishia," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Wote. Kama ulivyouleta."

Mtu mmoja alivuta pumzi. Mwingine alianza kuondoka, kwa sababu kuna mambo ambayo ukiyaona unakuwa shahidi.

Bibi Tokue alimsogelea karibu kabisa. Tabasamu lilikuwa limekwisha, na uso chini yake ulikuwa wa mwanamke mzee aliyechoka tu.

"Unajua unachofanya? Kuanzia leo hatujuani."

"Najua."

"Ana miaka themanini na moja, Fusae."

"Wangu ana minane."

"Nilikuwa na mume mmoja. Miezi tisa nilimgeuza usiku na mchana." Sauti ilishuka mpaka ikawa pumzi. "Nami nililetewa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Hivi hivi," alisema Fusae. Akageuza toroli.

Aliporudi, Sayo alikuwa amesimama jikoni kwa miguu yote miwili, amevuta kiti, anaiba sukari.

Kijiji kilifanya kilichotarajiwa. Barua ya matangazo inayopitishwa nyumba hadi nyumba ilianza kuruka nyumba yake. Maji ya mfereji yalifika kwake mwisho, machache, yenye matope. Isao aliporudi mwaka mpya aliuliza, "Umewafanyia nini watu hawa?" naye akamjibu, "Nimerudisha mali yao, kula." Alikula. Mtoto alikuwa anaruka kamba uani, na kwa Fusae hesabu ilikuwa imefungwa. Usiku alilala. Kitambaa cha Bi Yone kilikauka kwenye msumari mpaka kikawa kigumu kama samaki aliyeanikwa juani. Hakukiondoa. Hakuwa na sababu ya kukigusa.

Kisha Aprili, Jumapili moja, akiwa barabarani na Sayo, alisikia kengele ya baiskeli.

Mzee Kanjiro alipita akikanyaga kwa nguvu, kapu la figili nyuma. Hakumsalimu, kama ilivyotakiwa. Lakini alipopita alimwangalia Sayo. Akaangalia miguu yake. Kisha akatazama mbele haraka.

Fusae alimshika mtoto mkono. Alipanda barabara akitazama kivuli cha kila nyumba, upande wa kaskazini wa kila nyumba. Mpaka ya mwisho kabisa, ile ya kupangisha, alikohamia mwalimu mpya wa shule wiki hiyo.

Mke wa mwalimu alikuwa uani amechuchumaa. Mwanamke kijana, uso wa mjini, tumbo la miezi saba. Alikuwa anafuta jivu kwenye majani mapana kwa leso yake.

"Habari za asubuhi!" alisema. Alikuwa mtu wa kwanza kumsalimu Fusae kwa miezi kumi. "Wewe ni jirani? Naitwa Nobuyo. Samahani, mimi wa mjini sijui mambo haya. Bibi mmoja mkarimu alituletea, zawadi ya kutukaribisha. Sasa huu nautunzaje?"

Fusae alitazama chungu. Alitazama tumbo. Nyuma yake, barabarani, kamba ya Sayo ilikuwa inapiga ardhi: tap, tap, tap. Miguu miwili inaruka.

Maneno yote yalikuwa mdomoni. Lakini akimwambia huyu, huyu atarudisha. Na Tokue akirudishiwa atatafuta mlango mwingine. Na milango iliyobaki Kuwano haikuwa mingi.

Tap, tap, tap.

"Uweke kivulini," alisema Fusae. "Hauhitaji mengi. Ufute kila wiki, kwa maji ya kwanza ya mchele. Ukikata, kata jani la nje."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Usiuache."

"Asante sana! Watu wa hapa ni wema kweli." Nobuyo aliinama kwa shida, mkono tumboni. Fusae naye aliinama.

Alirudi nyumbani mbio mbio, mtoto akilalamika kwamba anavutwa. Alipita mlango wa nyuma. Pale akasimama.

Kitambaa cha buluu kilikuwa kinadondosha maji. Maji meupe. Chini yake, kwenye jiwe la mlangoni, viatu vya shule vya Sayo vilikuwa vimepangwa sawasawa, ncha zimeelekea nyumbani. Mtoto alikuwa ameviacha hapo tangu juzi, vimejaa jivu.

Cha kulia kilikuwa kimefutwa, ndani na nje, kwa uangalifu, kama jani.

Cha kushoto hakikuguswa. Nusu tena.

"Mama," aliuliza Sayo, "nani amenisafishia kimoja tu?"